Ukiguswa na Jambo Usilolielewa Ukiwa Katika Sala

Ni Alhamisi, saa tatu unusu usiku, na kanisa la parokia limebaki na watu kumi na wawili. Ni saa ya kuabudu. Mishumaa sita inawaka kando ya monstransi, chombo kinachoonyesha Hostia, mkate uliogeuzwa katika Misa. Nje, makanga wanaita abiria wa mwisho wa Kawangware, hapa Nairobi. Umepiga magoti tangu saa mbili. Mara Hostia inazungukwa na duara la mwanga, kifua kinapata joto, na ndani yako linapita neno ambalo hukulitafuta. Ufanye nini, sasa hivi, kabla hujafika nyumbani?

Endelea kusali. Kama ulikuwa katika fungu la tatu la rozari, limalize uingie la nne. Kama ulikuwa umenyamaza tu, baki umenyamaza. Usimguse jirani bega, usitoe simu, usianze kumhoji Mungu maswali ukitega sikio upate jibu hapo hapo, kwa maana anayetega sikio hivyo hujijibu mwenyewe bila kujua. Sema moyoni mara moja tu: Bwana, kama ni wewe, asante, kama si wewe, niondolee. Kisha rudi ulipokuwa.

Ushauri huu unaweza kuonekana mkavu, lakini una msingi. Mtakatifu Yohane wa Msalaba (1542–1591), Mkarmeli wa Hispania na Mwalimu wa Kanisa, anafundisha kwamba Mungu akimgusa mtu kwa ono au kwa neno, kile anachotaka kukitenda rohoni hukitenda papo hapo, kabla mtu hajaamua kukipokea au kukikataa. Usipoling'ang'ania hupotezi kitu: lililo lake limekwisha kufanya kazi yake, na lisilo lake limekosa pa kushika. Wengi waliopotoka hawakupotoshwa na walichokiona. Walipotoshwa na jinsi walivyokikumbatia.

Anza na mwili

Kabla ya kuuliza kama ni Mungu au ni shetani, uliza macho yako, tumbo lako na usingizi wako. Hakuna dharau kwa Mungu katika hilo.

Macho kwanza. Jicho likikazia kitu cheupe kilichozungukwa na giza kwa dakika kadhaa bila kupepesa, seli za nyuma ya jicho huchoka. Kingo za kitu hufifia, na ukisogeza jicho hata kidogo, mwanga hujitokeza pembeni. Hostia nyeupe ndani ya monstransi, kanisa likiwa na giza, ni mahali hasa pa jambo hilo kutokea. Jaribio lake ni rahisi: pepesa macho mara kumi, kisha tazama ukuta mtupu. Duara likihamia ukutani pamoja na macho yako, hilo ni duara la jicho. Lakini usitupe yote kwa pamoja. Mwanga, joto la kifuani na lile neno ni mambo matatu, na kila moja hupimwa peke yake. Jicho linaweza kuchoka katika dakika ileile ambayo moyo umeguswa kweli.

Harufu nayo ikaguliwe. Waridi zikinukia ghafla, angalia vyombo vya maua altareni, manukato ya aliyekaa mbele yako, dawa iliyopigwa sakafu, na maua ya uani. Yapo yanayonukia usiku tu.

Kisha njaa. Mfungo ambao Kanisa linaamuru ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, mlo mmoja kamili na vitu viwili vidogo ambavyo kwa pamoja havifikii mlo. Anayejiongezea siku tatu bila chakula wala maji, halafu akakesha, amefika mahali ambapo ubongo uliokosa sukari, maji na usingizi huanza kuota macho yakiwa wazi. Ono la saa tisa usiku siku ya tatu ya mfungo wa namna hiyo lina uzito mdogo sana. Kunywa uji, ulale, uone kitakachobaki.

Mtakatifu Teresa wa Avila aliliona jambo hili waziwazi. Katika maandishi yake ya mwaka 1577 kuhusu makao saba ya roho, anamtaja mtu aliyekuwa akibaki saa nane katika hali aliyodhani ni ya kutekwa na Mungu. Teresa hakumtungia sala mpya. Mtu huyo alihitaji kulala, kula na kupunguza malipizi, na alipofanya hivyo hali ile ikaisha. Aliyeandika hayo ndiye mwenyewe aliyejua kutekwa rohoni kulikokuwa kwa kweli.

Kuna pia jinamizi. Umelala, unaamka lakini mwili haukubali kusogea, kifua kimekandamizwa, na unahisi kuna mtu chumbani, pengine hata unamwona mlangoni. Hapa jijini wengi hukimbilia kusema ni uchawi au mapepo. Mara nyingi sana ni akili iliyoamka kabla ya mwili: misuli bado imefungwa kama inavyofungwa wakati wa ndoto, na ndoto yenyewe haijakwisha. Hupita ndani ya sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi wanaolala masaa yasiyo na mpango, kama walinzi na wauguzi wa zamu, na wanaolala chali. Fanya ishara ya msalaba, jaribu kusogeza kidole kimoja, na kesho ulale mapema.

Dawa nazo zina sehemu yake. Efavirenzi, iliyotumiwa miaka mingi katika matibabu ya virusi vya ukimwi, hujulikana kwa kuleta ndoto kali na wasiwasi. Mefloquine ya kuzuia malaria vilevile. Miraa na muguka kwa wingi, pamoja na kukosa usingizi, humfanya mtu asikie sauti. Aliyefiwa anaweza kusikia sauti ya marehemu au hatua zake sebuleni kwa miezi kadhaa. Hilo ni la kawaida katika msiba, wala si wazimu wala si ujumbe.

Yako mambo ambayo hayangoji kiongozi wa kiroho. Yanataka daktari siku hiyohiyo: sauti inayoamuru ujidhuru au umdhuru mwingine; sauti zisizonyamaza mchana kutwa; usiku tatu au nne bila usingizi huku nguvu zikizidi na fedha zikitapanywa; homa kali pamoja na maono; mama aliyejifungua hivi karibuni anayeambiwa jambo kuhusu mtoto wake. Harufu ya ajabu au hisia ya ghafla kwamba ulishawahi kuwa hapa, ikifuatwa na muda mfupi usioukumbuka, inaweza kuwa aina ya kifafa, nayo ina tiba. Katika hospitali za Kenyatta na Mathari wapo madaktari wa mambo haya, na kwenda kwao si kukosa imani. Padre Michał Sopoćko, muungamishi wa Mtakatifu Faustina, sista wa Poland aliyesema anamwona Yesu, alitaka achunguzwe na daktari wa akili kabla hajayachukua kwa uzito aliyokuwa akimweleza. Na sauti yoyote, hata iwe tamu namna gani, ikikwambia uache dawa za presha, za kifafa au za virusi, usiitii. Endelea na dawa, ukamweleze daktari na padre.

Ulichopata ni cha namna gani

Ukishapita mwili, yape mambo majina yake, kwa sababu hayana uzito sawa wala hatari sawa. Mtakatifu Agostino aliyagawa maono mara tatu: yanayoonekana kwa macho ya mwili, yanayoonekana kwa picha ndani ya akili, na ya tatu yasiyo na picha kabisa, ambapo mtu anafahamu tu. Watu huvutwa na la kwanza. Mabingwa wa sala huliogopa zaidi hilo, kwani ndilo rahisi kuigizwa na ndilo linalofurahisha udadisi.

Kwa upande wa maneno, Yohane wa Msalaba anatofautisha aina tatu, na tofauti hii ni ya kutumia kila siku. Yapo maneno ambayo roho iliyozama katika tafakari huyaunda yenyewe, moja likizaa jingine, hata mtu akadhani anaambiwa. Haya ndiyo ya kawaida zaidi, hasa kwa wenye ufasaha. Yapo yanayokuja wazi kana kwamba yametoka kwa mwingine, mtu akiwa hata hayawazii. Na yapo ya tatu, ambayo hutenda yanachosema: mwenye hofu akiambiwa usiogope, hofu inakwisha pale pale, na haikwishi kwa kujilazimisha. Ya tatu ndiyo salama kabisa. Ya kwanza yachukue kama mawazo mema, hata yakiwa mazuri sana. Usiseme Bwana ameniambia.

Teresa naye anatoa alama tatu za neno linalotoka kwa Mungu: lina nguvu ya kutenda, linaacha utulivu mkubwa, na halifutiki katika kumbukumbu kwa muda mrefu. Pamoja na hayo, anasisitiza kwamba muungamishi akiagiza tofauti na lile neno, utiiwe muungamishi.

Linalowapata watu wengi zaidi halimo kabisa katika habari za maono. Ni utulivu: sala ya maneno inakuwa nzito, unabaki umetazama tu, dakika ishirini zinapita kama tano, na ukitoka huna cha kusimulia. Watu hulipuuza kwa sababu halina mwanga wala sauti, nami naona ni hasara kubwa. Katekisimu, namba 2014, inasema Mungu anatuita sote kwenye muungano huo wa ndani na Kristo. Ishara za pekee hupewa wachache tu. Kunena kwa lugha na kuanguka katika mikutano ya karismatiki ni habari nyingine. Karama hutolewa kwa faida ya Kanisa na hazipimi utakatifu wa mtu. Na pale ambapo vipaza sauti vinanguruma na watu mia tatu wamekaa kwenye joto tangu asubuhi, mwili una mengi ya kusema.

Daftari, na mstari mmoja

Nunua daftari la kurasa 48, la mistari. Usitumie simu, kwa kuwa kilicho kwenye simu kinatumwa kabla hujakifikiria mara mbili. Andika usiku huohuo au kesho yake kabla ya saa sita mchana. Andika ulichokuwa umekula, ulivyolala, dawa, ulichokuwa ukikisali na hali ya moyo kabla. Kisha kilichotokea, kwa maneno machache kadiri iwezekanavyo. Halafu piga mstari, na chini yake andika mawazo yaliyofuata. Ukurasa unaweza kuwa hivi:

Alhamisi. Kuabudu, kama saa 3:30 usiku. Nimekula uji asubuhi tu. Jana nililala kwa muda wa saa nne. Nilikuwa nikisali juu ya ugomvi wangu na shemeji. Duara la mwanga: lilihamia ukutani. Joto kifuani, dakika mbili hivi. Ndani: "Mpigie." Neno moja, halikupita masikioni. Nikatulia.

——

Ndani ya matatu: nikawaza kwamba maana yake ni nimlipie mwanawe karo. Nikifika nyumbani: nikawaza Mungu amenichagua niupatanishe ukoo mzima. Nikakosa usingizi kwa furaha.

Mstari ule ndio wenye kazi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola (1491–1556), katika kanuni zake za kupambanua roho, anaonya kwamba hata faraja iliyotoka kwa Mungu moja kwa moja ina wakati wa pili: moto umezimika lakini jiko bado lina joto, na katika joto hilo mtu hutunga mipango yake mwenyewe na kuibandika jina la Mungu. Kilichotolewa hapo juu ni neno moja, mpigie. Karo ni wazo jema, lipimwe kama wazo jema lolote: fedha zipo? mwenzako nyumbani amekubali? Huo wito wa kupatanisha ukoo umetoka wapi? Hauko juu ya mstari.

Hata neno la kweli linaweza kueleweka vibaya. Fransisko wa Asizi aliposikia mbele ya msalaba wa San Damiano kwamba alitengeneze Kanisa, alianza kubeba mawe na kukarabati jengo. Hakukosea kutii, ila maana ilikuwa pana kuliko alivyodhani, na ilimchukua muda kuiona. Basi usitangaze maana mapema.

Fuatilia mwisho wake

Hapa ndipo pana uzito wote, na hapa ndipo watu hawana subira. Siku ile ya kwanza haiwezi kukwambia kama jambo ni la Mungu. Yape majuma sita angalau, na katika muda huo usiweke nadhiri, usiache kazi, usivunje uchumba, usiuze kitu, usiingie utawani. Inyasi anamtaka anayeongoza mafungo amzuie mtu mwenye faraja kubwa asiweke ahadi za haraka. Na kwa aliye katika ukiwa, giza na uzito wa roho, kanuni yake ni kutobadilisha maamuzi aliyoyafanya kabla. Kwa hiyo juu kabisa usiamue, na chini kabisa usiamue.

Kagua mwanzo, katikati na mwisho. Vyote vitatu vikielekea kwenye jema, ni dalili njema. Lakini mwanzo ukiwa mtakatifu, katikati pakaingia kujilinganisha na wengine, na mwisho ukawa hasira kwa paroko au kuacha Misa ya jumuiya kwa kuwa "hawasali vizuri", basi mkia wa nyoka umeonekana. Rudi nyuma kwenye daftari, utafute ni wapi hasa njia ilipinda: siku gani, wazo gani. Kazi hiyo ya kurudi nyuma inafundisha kuliko ono lenyewe.

Sikiliza pia namna jambo linavyoingia. Kwa mtu anayejitahidi kuelekea kwa Mungu, anasema Inyasi, roho njema huingia kama tone la maji kwenye sponji, na roho mbaya kama tone kwenye jiwe, kwa kishindo na kutawanyika. Mtu huyohuyo akiwa anaishi katika dhambi nzito bila nia ya kuacha, mambo hugeuka: tamu inaweza kuwa ya adui, na ya kuchoma ikawa ya Mungu. Ndiyo maana huwezi kupima jambo bila kujua unasimama wapi. Kitubio kizuri hutangulia upambanuzi.

Matunda yanayotafutwa yameorodheshwa na Paulo katika Wagalatia 5:22–23, lakini yashushe mpaka yaguse mambo ya nyumbani. Upendo: je, shemeji umempigia? Uvumilivu: ulimjibuje kondakta aliyekunyima chenji? Kiasi: umeacha kusimulia jambo lako kila unapopata nafasi? Unyenyekevu una kipimo kikali zaidi. Mtu akikwambia "labda ni uchovu tu", ukaumia kiasi cha kutaka kumthibitishia, andika hilo katika daftari, chini ya mstari.

Maneno yanayojifunua yenyewe

Baadhi ya mambo hayahitaji majuma sita. Lolote linalopinga Injili, mafundisho ya Kanisa au wajibu wako wa wazi, limekwisha kujihukumu. Mungu hamtumi mama akeshe kanisani kila usiku wakati watoto wa miaka mitano na mitatu wamefungiwa ndani peke yao. Wala hamwambii mwanamke anayepigwa kwamba arudi apigwe. "Mrudie" ya namna hiyo mara nyingi ni sauti ya hofu au ya jamaa aliyoizoea, na kiongozi wa kiroho anayeharakisha kuikubali amekosea vibaya.

Shuku linalokusifu: kwamba wewe ni wa pekee, kwamba mapadre hawatakuelewa. Shuku linalotoa tarehe za maafa, linalotaja jina la aliyekuroga, linaloagiza fedha, iwe kwa bahasha au kwa kutuma kwenye namba fulani ili "kupanda mbegu". Na zaidi ya yote shuku linalokwambia usimweleze mtu. Inyasi anamfananisha adui na mtongozaji wa binti wa watu, ambaye ombi lake la kwanza ni kwamba baba asijue. Siri ikivunjika mbele ya muungamishi mwema, mpango umevunjika.

Lakini lisilo baya si lazima liwe la Mungu. Kati ya Mungu na adui kuna wewe, pamoja na kumbukumbu zako, hamu zako na mahubiri uliyosikia redioni asubuhi. Mara nyingi jibu ni hilo, na si dhambi.

Nani wa kumweleza

Mtu mmoja. Asiwe rafiki wa karibu anayekustaajabia, wala kikundi cha sala, wala kikundi cha WhatsApp cha jumuiya. Samweli aliposikia akiitwa usiku alimwendea Eli, mara tatu, na Eli mwenyewe hakutambua mpaka mara ya tatu. Kiongozi wako naye anaweza kuchelewa.

Kitubio cha Jumamosi jioni, watu thelathini nyuma yako, hakitoshi. Ungama dhambi zako, kisha uombe miadi: "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kuna jambo la sala ningependa unisaidie kulipima. Ni kama dakika arubaini. Nije lini?" Asipokuwa na nafasi, muulize nani anaweza, hakuna aibu, si kila padre amefundishwa kazi hii. Anayeongoza roho anaweza pia kuwa sista, bruda au mlei aliyefunzwa. Nairobi ina bahati kubwa katika hili: upande wa Lang'ata na Karen nyumba za mashirika ni nyingi, kuna kituo cha Mwangaza cha Wajesuiti kinachotoa mafungo na uongozi wa kiroho, na wapo Wakarmeli wanaofuata shule ya Teresa na Yohane. Ukitaka siku moja ya kimya kabla ya miadi, Bustani ya Ufufuko pale Karen inatosha. Uliza mapema kuhusu nafasi na ada.

Nenda na daftari. Soma kilicho juu ya mstari kwanza, bila kutia chumvi, kisha kilicho chini. Mweleze na yale unayoona aibu: hasira, mapenzi, madeni, usingizi. Kiongozi mzuri atakuuliza habari za kazi na nyumba kabla ya maono, atakupunguzia mfungo, hatastaajabu, na atakuacha huru. Anayekutabiria, anayetaka kukurekodi, anayekuomba mchango, au anayekukataza kumwona mwingine yeyote, muage kwa heshima usirudi.

Linapohusu watu wengine

Ujumbe ukionekana ni wa parokia, wa nchi au wa ulimwengu, uandike, umpe kiongozi wako, unyamaze. Akiona lina uzito litapanda kwa paroko na kwa askofu. Kanuni mpya za Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, zilizoanza kutumika tarehe 19 Mei 2024 mahali pa zile za 1978, zinamtaka askofu achunguze na kuwasiliana na Baraza kabla ya kutamka lolote. Zinatoa hitimisho la aina sita, kuanzia kutokuwepo kizuizi hadi tamko kwamba jambo si la kimungu. Hata lile la juu kabisa kwa kawaida halithibitishi kwamba jambo limetoka mbinguni. Linasema tu kwamba waamini wanaweza kulifuata kwa busara. Na ufunuo binafsi, Katekisimu namba 67 inakumbusha, hauongezi kitu kwenye hazina ya imani.

Tunao mfano wa hapa kwetu Afrika. Kibeho, Rwanda, tarehe 28 Novemba 1981, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alikuwa akihudumu katika bwalo la shule aliposikia akiitwa. Wenzake walimcheka. Mwaka 1982 askofu aliunda tume mbili, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia. Wengi wengine walijitokeza kusema nao wanaona. Tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baadaye, Askofu Augustin Misago alitambua watatu tu: Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Ikiwa Kanisa lilingoja miaka hiyo yote, ujumbe wako unaweza kungoja Jumapili ijayo.

Likiondoka

Litaondoka. Wiki ijayo utapiga magoti palepale na hutahisi chochote, na kishawishi kitakuwa kurudia mazingira: mishumaa ileile, njaa ileile, kiti kilekile, ili likurudie. Usilifukuzie. Lakini pia usidhani umeachwa.

Ukavu una sababu nyingi: uchovu, uzembe, dhambi isiyotubiwa, huzuni ya ugonjwa. Unaweza pia kuwa Mungu anakutoa kwenye maziwa akupe chakula. Yohane wa Msalaba anatoa ishara tatu, zionekane kwa pamoja: huwezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani, huna hamu ya kuelekeza akili kwenye vitu vingine vyovyote, na unapenda kubaki peke yako mbele ya Mungu, ukimtazama kwa upendo, bila neno. Ikikosekana ya pili, yaani mitandao, soga na mpira vinakupa raha tele ila sala ndiyo inayokuchosha, kagua uzembe. Zikiwepo zote tatu, usijilazimishe kurudi kwenye maneno mengi. Kaa. Na kama kila kitu kimepoteza ladha, hata chakula na watu, na usingizi umeharibika, hiyo yaweza kuwa sonona: daktari na kiongozi wa kiroho, wote wawili.

Muda usibadilike. Kama ulikuwa ukitoa saa nzima siku za utamu, toa saa nzima siku za ukavu, usipunguze dakika tano. Daftari nalo liendelee, hata kama ukurasa ni mfupi:

Alhamisi. Kuabudu, saa 3 hadi saa 4 usiku. Nimekula, nimelala vizuri. Hakuna mwanga, hakuna neno. Nilisinzia mara moja. Jumanne nilimpigia shemeji. Tuliongea dakika kumi, hakukata simu.